MUULIZE ANTI NESI: Staa kasema ninywe, je ninywe?

Jamani toleo hili barua za mapenzi na mawifi zikae pembeni kidogo, mtanisamehe. Toleo lililopita mama mmoja wa Yombo aliniuliza kuhusu unga wa "kumaliza kisukari" unaotangazwa na mwigizaji wa bongo muvi, nikamjibu mistari minne tu kwamba asiache dawa zake, nikajua yameisha, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimeingia mpaka simu ikawa inagoma. Wengine mnaniunga mkono, wengine mnaniambia nawaonea wivu wasanii, sasa mi wivu wa nini wanangu, nimefanya unesi miaka 27 hapahapa Dar, Temeke na Ilala, waliopona nimewasindikiza mpaka getini na waliofariki nimewafunika shuka kwa mikono yangu, nikisema kitu kinanitisha ujue kinanitisha kweli. Nimechagua barua tano.

Shikamoo Anti. Nakaa Mbagala Rangi Tatu, nina watoto wawili. Mama yangu ana miaka 61 na ana presha tangu 2015. Toka mwezi wa tatu kaacha vidonge anakunywa unga flani wa majani, kopo moja 35,000, kisa msanii wa zamani anayempenda toka usichana wake katokea kwenye video anasema yeye mwenyewe ulimponya presha. Nikimwambia mama turudi kliniki ananijibu we unajua kuliko yule? Na kinachoniumiza kichwa ni kwamba sasa hivi anasema anajisikia vizuri kuliko alivyokuwa anameza vidonge. Nifanyeje bila kugombana nae? Mama wawili, Mbagala

Marahaba mwanangu. Mi hilo la "anajisikia vizuri" ndo limenishtua kuliko hata huo unga.

Presha haiumi. Mtu anaweza kuwa na 180 kwa 110 akaenda sokoni akarudi na kapu kichwani anacheka, wala hasikii kitu, alafu usiku mmoja mdomo unaenda upande na mkono hauinuki, hapo ndo ndugu mnaanza kuulizana kalogwa na nani. Kwa hiyo kujisikia vizuri hakutuambii lolote kuhusu presha yake. Alafu kuna jambo ambalo watu wengi hawaambiwi: vidonge vingine vya presha vina usumbufu wake, kuna vinavyovimbisha miguu, kuna vinavyomfanya mtu akojoe kila saa, kuna vinavyoleta kikohozi kikavu. Mtu akiviacha ule usumbufu unaondoka ndani ya wiki chache, mwili unakuwa mwepesi, na wepesi wote ule sifa unapewa unga. Mama yako hakudanganyi anaposema anajisikia vizuri. Ni kweli anajisikia vizuri, na ndani mishipa inaumia.

Sasa namna ya kumwingia. Usimseme vibaya yule msanii mbele yake, nakuomba sana. Yule kwa mama yako sio mtu wa kwenye simu tu, ile sauti pengine ndo iliyopigwa siku ya harusi yake, ndo iliyokuwa kwenye redio anaosha vyombo we ukiwa mgongoni, kamjua miaka thelathini na zaidi. Ukimtukana yule unamtukana ujana wake, atang'ang'ania kopo mpaka mwisho. We tafuta mashine ya presha, hata ya kuazima kwa jirani, ile ya kufunga mkononi juu ya kiwiko. Mwambie mama tufanye hivi, siku saba, asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya kula, ukae dakika tano umetulia miguu chini, tupime tuandike kwenye daftari. Usiongeze neno. Kama unga unafanya kazi namba zitasema, kama haufanyi namba zitasema. Namba zikiwa zinakaa 140 kwa 90 kwenda juu, chukueni hilo daftari mwende nalo kliniki, na mwambieni daktari wazi kabisa nini kilichomfanya achoke vidonge, kama ni miguu kuvimba aseme, dawa za presha ziko za aina nyingi anaweza kubadilishiwa. Ila ukiona 180 kwa 110 msisubiri siku saba, nendeni siku hiyohiyo, na kama kuna kichwa kuuma sana, kuona ukungu, mdomo kwenda upande au mkono kukosa nguvu hapo ni dharura hata kama ni saa nane usiku.

Na huo unga kabebeni kopo lake mkamwonyeshe daktari, msiufiche. Figo za mtu mwenye presha zinakuwa tayari na mzigo, daktari anatakiwa ajue kila kinachoingia.

Mnanilazimisha nikumbuke 2011, kikombe cha Babu kule Samunge, Loliondo, yule mchungaji mstaafu aliyekuwa anawanywesha watu dawa ya mitishamba akisema inaponya magonjwa sugu. Shilingi 500 tu kikombe. Watu walianza kwenda kidogokidogo, lakini picha za mawaziri na wabunge wameshika kikombe zilipotoka magazetini ndo nchi nzima ikapanda magari, mtu anaona kama mheshimiwa mwenye uwezo wa kutibiwa India kaenda kunywa basi mimi ni nani. Wodini kwetu tuliona vitanda vinabaki wazi, wagonjwa wametoroshwa na ndugu zao wakapelekwe kule, na miezi michache baadae baadhi yao tukawapokea tena wakiwa wameacha dawa za VVU, za sukari, za presha, wamekonda hali mbaya. Babu mwenyewe mzee wa watu ameshatangulia, alifariki 2021, sina neno nae. Ninachokumbuka mimi ni zile picha, na namna zilivyofanya kazi haraka kuliko maneno yote tuliyokuwa tunasema kliniki kila siku.

Mwanangu nijulishe namba za daftari zikoje. Nitasubiri meseji yako.

Mambo vipi Anti, mi ni boda hapa Tandika sokoni. Naonaga kila kampeni ya afya lazima waitwe wasanii, mara balozi wa malaria mara balozi wa nini sijui, wanapiga picha wanaondoka. Hizo hela si bora zinunuliwe dawa tu? Au kuna faida kweli watu wanapima kwa sababu ya staa? Naomba jibu lenye ushahidi sio maneno matamu.

Poa baba, na swali lako zuri ngoja nikujibu vizuri. Dawa ikikaa stoo na mtu hajaja kupima haimsaidii yeyote, hilo la kwanza. Umri wako sijui lakini kama ulikuwa mkubwa 2007 utakumbuka Julai 14 pale Mnazi Mmoja, Rais Kikwete na mama Salma walikaa wakatolewa damu wakapima VVU hadharani. We chukulia poa sasa hivi, miaka ile mtu kuonekana tu anaingia chumba cha ushauri nasaha mtaa mzima umeshamzika. ARV za bure zilikuwa zimeanza kutolewa toka 2004 lakini watu walikuwa wanakuja wameshachelewa, wamebebwa. Baada ya ile siku nilikuwa nafika kazini saa moja nakuta watu nje, wanaume, na wanaume ndo walikuwa hawaji kabisa, mtu anakwambia "kama mkubwa kapima mi nani nikatae". Kampeni ile ilipima zaidi ya watu milioni 4. Nilikuwepo, mikono iliuma kwa kuchoma vidole vya watu.

Lakini angalia nini kilikuwepo nyuma ya ile picha. Mahema yalikuwepo, vitendanishi vilikuwepo, washauri walikuwepo, na ukikutwa nao dawa ipo. Hivohivo malaria, 2010 wasanii wa bongo fleva walipokusanywa kwenye Zinduka, ile "Malaria Haikubaliki", ule ujumbe ulikuja kipindi ambacho vyandarua vinagawiwa nchi nzima, mtu kasikia alafu kapewa neti mkononi. Hapo msanii ana faida, hela yake haijapotea. Msanii akikwambia kapime alafu ukafika unaambiwa vipimo vimeisha njoo jumatatu, hiyo kweli ni picha tu na nakuunga mkono kukasirika.

Umetaka ushahidi. Australia, Mei 2005, mwanamuziki Kylie Minogue alitangaza ana kansa ya titi, ndani ya wiki mbili wanawake waliojiandikisha kupigwa picha ya matiti waliongezeka kwa asilimia 40, na wale ambao hawajawahi kupima kabisa maishani ndo waliongezeka zaidi. Uingereza kulikuwa na binti wa kwenye vipindi vya tivii, Jade Goody, kansa ya shingo ya kizazi ikamuua Machi 2009 akiwa na miaka 27, aliamua kuugua hadharani watu wakaona kila hatua, na kwa kipindi kile wanawake karibu nusu milioni zaidi ya kawaida walikwenda kupima. Nusu milioni baba. Ila baada ya miaka michache lile joto lilipoa, mabinti wakarudi kutopima kama zamani. Ndo ilivyo, sauti ya staa inawasha moto lakini kuni analeta mwingine, sisi wa vituoni, wahudumu wa afya wa mtaa wanaogonga mlango.

Na kuna kitu kingine cha kuangalia, anayesikia ndo yule anayehitajika? Mei 2013 Angelina Jolie, yule mwigizaji wa Marekani, aliandika gazetini kwamba ana jeni mbovu ya BRCA1, yaani kasoro ya mwilini aliyorithi kwa wazazi inayoleta hatari ya kansa, mama yake alikufa na miaka 56, madaktari walimwambia uwezekano wake wa kupata kansa ya titi ni asilimia 87, akaamua kutolewa matiti yote mawili kabla haijaanza. Watafiti waliangalia kumbukumbu za bima kule Marekani, siku 15 za kazi baada ya ile makala vipimo vya jeni vilipanda kwa asilimia 64. Watu wakashangilia. Walipoendelea kuchimba wakakuta katika wale waliopima, waliokuja kufanyiwa upasuaji ndani ya siku 60 walishuka kutoka asilimia 10 hadi 7, maana yake wengi walioongezeka kwenye foleni hawakuwa kwenye hatari kama yake, walikimbia kwa hofu. Kansa nyingi za matiti hazitokani na ile jeni, ni kama 5 mpaka 10 tu katika kila 100 ndo za kurithi. Kwa hiyo yeye alisema ukweli wake mtupu, na kwa familia zenye ile jeni aliokoa watu, lakini sikio la mwenye hofu na sikio la mwenye hatari sio sikio moja.

Mi nikiulizwa nani aliyefanya kazi kubwa huku kwetu kuliko matangazo yote sitaji mtu wa Marekani. Jirani zetu Uganda, Philly Lutaaya, 1989, mwanamuziki mkubwa amerudi kutoka Sweden akasimama akasema nina Ukimwi, wakati ambao hakuna dawa, alikuwa hauzi kitu, akazunguka mashuleni na makanisani mwili umekwisha mpaka akafariki Desemba mwaka uleule. Miaka miwili baadae ndo Magic Johnson wa mpira wa kikapu akatangaza, Novemba 7, 1991. Na hapa Dar tulikuwa na Remmy Ongala. Kila siku mnapita kituo cha Sinza kwa Remmy nadhani wengine hamjui hata kwa nini kinaitwa hivo. Yule mzee aliimba watu wavae soksi akimaanisha kondomu, redio ya taifa ikakataa kuupiga wimbo, lakini kwenye kumbi na kwenye kaseti watu wanaimba, na sisi manesi tulianza kusikia vijana wanakuja wanaomba "soksi" bila aibu kwa sababu neno kondomu lilikuwa gumu kulitamka mbele ya dada aliyevaa sare. Neno moja tu limempa mtu mdomo wa kuomba. Hiyo huwezi kuinunua na hela ya dawa.

Anti shikamoo. Nipo chuo, nakaa Kimara. Siku zangu zikifika naumwa mpaka nazimia, nakosa mitihani. Nyumbani wananiambia ni chango nikizaa litaisha. Nilimsikia Millen Magese akielezea ugonjwa wake nikalia maana alikuwa kama ananielezea mimi. Je niamini au ni mambo ya mastaa? Binti, 21

Marahaba mwanangu, pole, pole sana. Kulia kwako hakukuwa bure. Huyo ni Miss Tanzania wetu wa 2001, na alipojitokeza 2014 kusema ana endometriosisi kafanya jambo ambalo wanawake wengi hawathubutu, kuongelea hedhi yake na kutopata mtoto mbele ya dunia nzima. Hauzi chai wala mkanda wa tumbo. Aliyoyasema ni ya mwili wake.

Ugonjwa wenyewe ni kwamba ile ngozi ya ndani ya mji wa mimba, au inayofanana nayo, inaota nje ya mji wa mimba, kwenye mirija, kwenye ovari, hata kwenye utumbo. Kila mwezi nayo inachokozwa na homoni, panavimba panaacha makovu, ndo yale maumivu. Shirika la Afya Duniani linasema inawapata karibu mwanamke mmoja katika kila kumi walio kwenye umri wa kuzaa. Wengi wanakaa miaka wanaambiwa chango. Na hilo la "ukizaa litaisha" ni la hatari kwako kwa sababu ugonjwa wenyewe unaweza kuwa ndo unaozuia hiyo mimba.

Ila sikwambii unao. Maumivu makali yanaweza kutoka kwenye mambo mengine. Alichokupa yeye ni jina la kuulizia, jibu utalipata kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Andika miezi mitatu, maumivu yameanza lini, yameisha lini, umekosa siku ngapi chuo, kama inauma ukienda chooni kubwa au wakati wa tendo, kama umejaribu panado na hazisaidii. Ukifika usianze na "tumbo linauma", anza na "nazimia na nakosa mitihani". Na jua kabisa ultrasaundi inaweza kutoka safi na ugonjwa ukawepo, kwa hiyo wakikwambia hamna kitu uliza tena. Kuna dawa za maumivu, kuna za homoni, kuna upasuaji wa matundu madogo. Mama yako ukiweza nenda nae, akasikie mwenyewe.

Bi nesi salaam. Mimi ni mzee wa miaka 70, Kigamboni. Mjukuu wangu ana miaka 12, shule wameleta taarifa ya chanjo ya kansa ya mlango wa kizazi. Lakini kwenye simu nimetumiwa maneno ya mtu maarufu sana anasema inafunga vizazi vya mabinti wetu. Nami ni babu, sitaki kubeba dhambi. Nishauri.

Shikamoo baba yangu. Nashukuru umeuliza kabla ya kukataa.

Chanjo hii inatolewa nchini toka Aprili 2018, ilianza na mabinti wa miaka 14, na 2024 ikatolewa kwa wa miaka 9 mpaka 14, dozi moja tu, bure. Inazuia kirusi cha HPV, na karibu kansa zote za shingo ya kizazi zinaletwa na hicho kirusi. Hii ndo kansa inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Baba mimi nimewauguza wanawake wa kansa hii, ile damu isiyokatika na ile harufu, mama kijana anageukia ukutani watoto wasimuone, na wengi wao tiba yenyewe, kutolewa kizazi au mionzi, ndo iliyowafungia uzazi. Chanjo haifungi kizazi. Kansa ndo inayofunga. Inatolewa mapema kwa sababu inafanya kazi vizuri zaidi kabla msichana hajakutana na kirusi, haimaanishi mtu anamdhania mjukuu wako vibaya.

Huyo mtu maarufu simjui na sitamsema. Nitakusimulia tu yaliyotokea Septemba 2021, mwanamuziki wa Marekani mzaliwa wa Trinidad, Nicki Minaj, aliandika kwamba rafiki wa binamu yake kule Trinidad kavimba korodani baada ya chanjo ya korona. Ana mamilioni ya wafuasi. Waziri wa afya wa Trinidad na Tobago alikuja kusema mbele ya waandishi kwamba wamepoteza muda kufuatilia na hakuna mgonjwa wa namna hiyo waliyemkuta. Yaani rafiki wa binamu wa msanii kaifanyisha kazi wizara nzima, na watu wangapi walioogopa hawakuja kusikia lile jibu la waziri. Uongo ulifika kwenye kila simu.

Mwingine alitumia jina lake vizuri, mwanamuziki wa Marekani Elvis Presley, 1956, akachomwa chanjo ya polio mbele ya wapiga picha kwa sababu vijana walikuwa hawajitokezi, na hapa kwetu Julai 28, 2021 Rais Samia alichanja Ikulu hapa Dar tukiangalia kwenye tivii. Lakini wewe baba usiamue kwa ajili ya Elvis wala ya huyo wa kwenye simu. Nenda na mjukuu kwenye kituo cha afya kilicho karibu, omba kuongea na nesi wa chanjo, muulize swali lako hilohilo la kizazi, hatakucheka. Tumeulizwa sana hilo swali.

Anti mi ni mchekeshaji, nipo Sinza, nina wafuasi elfu arobaini na kitu. Jamaa kaja na dili, laki tatu niposti dawa ya nguvu za kiume, ananitumia maneno ya kusema kabisa, niseme nimetumia na mke wangu anashukuru. Sina mke. Kodi inaisha mwisho wa mwezi. Najua utanikataza lakini niambie kwa nini.

Mwanangu nimekusoma mara tatu. Kodi ni kodi, siwezi kujifanya haipo. Lakini ndio, nakukataza, na nakwambia kwa nini kama ulivyotaka.

Wanaume wengi wanaoshindwa kitandani, hasa kuanzia miaka ya arobaini, shida yao haiko kule wanakodhani. Mishipa ya kule ni myembamba, kwa hiyo kisukari na presha na magonjwa ya moyo huwa yanaonekana kule kwanza, pengine miaka kabla ya moyo wenyewe kulalamika. Ni kengele. Mwanaume akienda hospitali na hiyo aibu yake anapimwa sukari, anapimwa presha, anagundulika mapema. Akikuona wewe unachekesha na kichupa mkononi anatuma hela, haendi. Umemzimia kengele.

La pili ni kilichomo. Hizi dawa za mitishamba za nguvu za kiume nchi nyingi duniani zikipelekwa maabara zinakutwa zimechanganywa na sildenafili, dawa ya hospitali kabisa, bila kuandikwa na bila kipimo. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti za maumivu ya kifua akichanganya na hiyo presha inashuka ghafla, anaweza kufa palepale. Sijui kama cha jamaa yako kimo au hakimo, na wewe hujui, na hapo ndo penyewe. Muulize hivi, namba ya usajili ya TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, iko wapi? Kama anasema ni tiba asili, usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala uko wapi, na kibali cha hilo tangazo kiko wapi? Angalia tu uso wake ukibadilika.

Usidhani ni huku uswahilini tu. 2015 Kim Kardashian, staa wa tivii wa Marekani, alikuwa mjamzito akaposti kidonge cha kuzuia kichefuchefu, dawa halali kabisa iliyosajiliwa, lakini kaandika uzuri wake tu bila madhara, mamlaka ya dawa ya Marekani ikaiandikia kampuni barua kali, ile posti ikaondolewa ikarudishwa na madhara yote yameandikwa. Hiyo ni dawa halali. Yako hata jina la mtengenezaji hujaniambia.

Mi mtu akiniuliza staa yupi nimsikilize huwa naangalia kidole chake kinaonyesha wapi. Kikionyesha mlango wa kituo cha afya, kapime, kachanje, kaulize, namsikiliza hata kama hajui kuimba. Kikionyesha namba ya kulipia, hapana, hata kama ni yule niliyecheza muziki wake kwenye harusi yangu. We kidole chako kina watu elfu arobaini wanaokiangalia mwanangu, na wengi ni wanaume wa rika ambalo sisi manesi hatuwapatagi, hawaji kliniki mpaka wabebwe. Mimi na sare yangu miaka 27 sikuwahi kuwakusanya watu elfu arobaini wakanisikiliza hata dakika moja.

Kwa hiyo nina ombi. Laki tatu sina, lakini kuna kampuni za halali, za maji, za simu, za usafiri wa mizigo, zinatafuta watu kama wewe, wakikuona una jina safi watakuja. Kabla hawajaja nifanyie video moja ya bure. Nenda pale hospitali ya Sinza Palestina, waombe ruhusa kwanza viongozi wa hospitali maana huwezi kuingia na kamera tu na wagonjwa wengine wasionekane, kaa kwenye kiti ufungwe ile mashine ya presha, uogope kama unavyoogopaga kwenye vichekesho vyako, mkono utetemeke, kisha usome namba kwa sauti hata kama ni mbaya. Usiigize namba. Na mwisho useme umetumia dakika ngapi toka umeingia mpaka umetoka, maana wanaume wakija kwangu walikuwa wananiuliza hilo kabla ya kitu kingine chochote. Nenda asubuhi mapema, ukichelewa foleni inakuwa ndefu.